Mchumba Wangu Kwenye Pipa la Pili

"Toka! Toka kwenye hilo pipa sasa hivi!"

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia mchumba wangu, mbele ya chuo kizima, mbele ya simu zote zile zilizoinuliwa juu...

Mimi nikiwa ndani ya pipa la barafu mpaka kifuani.

Yeye akiwa ndani ya pipa la pili, pembeni yangu. Anashindana na mimi!

Na tulichokuwa tunakishindania ni uhai wa mdogo wangu.

Najua mmeiona hiyo video. Mmeiona, mmewatumia shangazi zenu, mmeiwekea na muziki. Mchumba wangu mmempa jina la Muuza Shemeji. Kuna mmoja wenu kamchora katuni kabisa, kipa anauza jeneza.

Sawa. Leo kaeni kitako niwape iliyobaki. Maana mliyoiona ninyi ni nusu, na nusu ile nyingine ndiyo inayonila.

Mimi ni kocha wa mpira wa pete, timu ya wasichana ya chuo. Wachezaji wangu wananiita Kocha Rudia, kwa sababu hilo ndilo neno langu. Pasi mbovu? Rudia. Umechelewa? Rudia mzunguko. Umecheka? Rudia, na huyo aliyekuchekesha naye arudie.

Sijui kushindwa. Timu yangu ikifungwa, simpi mtu mkono. Nachukua begi langu, huyooo... natoka uwanjani bila kumuaga hata mlinzi wa geti. Chuo kizima kinanijua hivyo, na wengine wananiigiza nikipita.

Hilo liwekeni akilini. Lina kazi mbele.

Mdogo wangu alikuwa mkimbiaji wa chuo hicho hicho. Wenzake walimwita Swala, kwa ile miguu yake mirefu iliyokuwa inafika kabla yake. Wazazi wetu hatuna. Kwa hiyo mimi ndiye dada, mimi ndiye mama, mimi ndiye wa kumpigia kelele kuhusu vyombo.

Figo zake ziligoma. Zote mbili.

Siku moja anakimbia, siku nyingine viatu havimwingii, miguu imevimba kama ya mtu mwingine.

Akaanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu. Ile mashine inatoa damu mwilini, inaizungusha kwenye mipira, inairudisha, na ikirudi inarudi imepoa. Swala alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi mawili mpaka kitanda kinalia.

Mimi tangu utotoni mikono yangu ina moto. Sijui kwa nini, niko hivyo tu. Kwa hiyo kazi yangu pale ilikuwa moja, kumshika mikono mpaka mashine imalize.

"Dada, lete jiko," alikuwa akisema.

Ndiyo lilikuwa jina langu pale wodini. Jiko. Hata manesi walilijua.

Tukapimwa. Figo yangu ikakubali kuingia kwake! Nililia, nesi akalia, Swala akasema, "Angalau nitapata kitu chako ambacho hutaniomba nirudishe."

Kilichokosekana ni gharama ya upasuaji tu.

Hapo ndipo Komeo akaja na wazo lake.

Komeo ndiye mchumba wangu. Kocha wa mpira wa miguu, timu ya wavulana. Zamani alikuwa kipa, mtu mrefu kama mlango, na ukimpiga mkwaju ni kama umeupiga mlango uliofungwa. Jina lilimfuata mpaka kwenye ukocha.

"Lile pipa letu," akaniambia.

Kila kocha analijua lile pipa. Liko nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, la plastiki, la bluu. Mechi ikiisha tunalijaza maji na barafu, wachezaji wanaingia mmoja mmoja kutuliza misuli. Wanapiga mayowe kama wanachomwa. Sisi makocha tunasimama pembeni na traksuti zetu kavu, tunawacheka.

"Safari hii tuingie sisi," akasema. "Kocha anaingia, anamtaja Swala, anaomba mchango, halafu anamwita kocha wa chuo kingine naye aingie. Watu wanapenda kumwona kocha akiteseka."

"Wataona nini kwangu? Mimi nitapiga yowe nitoke."

"Hicho hicho ndicho watakachokipenda, mama."

Na kweli! Niliingia, nikapiga yowe, nikamtaja mdogo wangu huku meno yanagongana. Wachezaji wangu wote wakawa wanaimba, "Rudia! Rudia! Rudia!"

Video ikavuma, ndugu zangu. Makocha wa vyuo nisivyowahi kuvisikia wakaingia kwenye mapipa. Wa kikapu, wa riadha, wa ndondi. Mmoja aliingia na filimbi mdomoni, kila akitetemeka filimbi inalia yenyewe. Michango ikaanza kuingia.

Swala akawa anatazama simu yake akiwa kwenye mashine, anacheka mpaka nesi anamwonya atulie.

Nilidhani tumepona.

Halafu akaja Mamba.

Mamba ni kocha wa kuogelea, chuo cha jirani. Alikaa kwenye pipa lake kimya, kakunja mikono kama yuko sebuleni kwake, halafu akasema, "Kocha Rudia alikaa kidogo hivyo? Mimi nimemzidi mara mbili!"

Jamani... kama hamjawahi kuishi na kocha, hamtanielewa. Mpe kocha kikombe cha chai, atauliza nani kamaliza kwanza. Mpeleke msibani, atapanga mstari wa kubeba mchanga kwa urefu. Siyo roho mbaya. Ndivyo tulivyo, hatuwezi kufanya kitu bila kukigeuza mechi.

Aliyefuata akamzidi Mamba. Aliyemfuata huyo akaja na saa ya kupimia mbio. Kukawa na jedwali la wanaoongoza. Kampuni moja ya vinywaji ikabandika nembo yake kwenye mapipa.

Na jina la Swala likaanza kupotea.

"Dada, huyu hajanitaja."

"Amesahau, mdogo wangu. Baridi ile."

"Na huyu?"

"Huyu... kasema ni kwa ajili ya wanamichezo wote."

"Basi hata aseme 'yule mgonjwa'. Nitajua ni mimi."

Akacheka. Kicheko kikamwishia katikati.

Kilele chake ikawa fainali. Ingefanyika kwenye uwanja wetu. Mapipa matatu, kila pipa na jambo lake linalochangiwa, na atakayekaa mpaka mwisho, jambo lake ndilo linalochukua mchango wote. Wote! Hata ule ulioletwa na watu waliolia kwa ajili ya Swala.

Nilimvamia Mkuu wa Michezo wa chuo ofisini kwake.

"Huu mchango ni wa mdogo wangu!"

"Ulikuwa wa mdogo wako, kocha. Sasa ni mashindano. Wadhamini wamesema hivyo."

"Na mimi nifanye nini?"

Akainua mabega. "Shinda."

Hilo ndilo ninalowaambia wachezaji wangu kila siku.

Asubuhi ya fainali nilipita hospitali. Swala alikuwa amelazwa, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Komeo alikuwa amefika kabla yangu, amesimama mlangoni ameshika chupa ya chai.

"Dada, usiende," Swala akaniambia.

"Nitarudi na kombe."

"Mimi nina kabati la kombe hapa?"

"Usinichekeshe, nina mechi."

"Kaa na mimi leo. Leta jiko."

Nilimbusu kwenye paji la uso. "Nikitoka pale nakuja moja kwa moja. Nikushike mpaka uchoke."

Alimtazama Komeo. Komeo akatazama chini.

Niliona. Naapa niliona, nikadhani ni huzuni tu.

Uwanjani palijaa. Mshereheshaji anaruka na kipaza sauti, wanafunzi wamepanda mpaka juu ya ukuta. Pipa la kwanza, Mamba, anachangia bwawa la chuo chao. Pipa la tatu, mimi. Pipa la pili limeandikwa JIMU YA CHUO, na halina mtu.

"Na sasa... mtu wetu wa dakika ya mwisho!" mshereheshaji akapiga kelele. "Nani atalikalia pipa la jimu?"

Watu wakapisha njia.

Komeo akatokea. Akavua traksuti yake, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye nyasi. Akaingia.

Mwanzo nilidhani ni utani. Nilitabasamu kabisa! Hilo tabasamu langu liko kwenye video, mmelisimamisha mkaandika "alivyokuwa hajui".

"Unafanya nini humo?"

"Nashindana."

"Kwa ajili ya jimu? Vyuma, Komeo? Na Swala yuko kule?"

"Huniwezi. Unajua huniwezi, mimi maisha yangu yote ni barafu. Toka mapema, uende zako."

Huniwezi... aliniambia mimi!

Filimbi ikalia, na baridi ikaingia kwenye mifupa kama mtu anayeijua njia.

Mamba alitoka wa kwanza, anatukana. "Hawa wawili wana mambo yao ya nyumbani, mimi nina watoto wananisubiri!" Watu wakacheka mpaka wakashikana.

Tukabaki wawili.

"Toka," Komeo akasema, midomo imekuwa ya zambarau.

"Toka wewe."

"Nakuomba."

"Ulimwomba na Swala kabla hujamuuza?"

Akafumba macho. Pale ndipo mlipoandika "aibu imemshika". Na mimi niliamini hivyo hivyo.

"Toka! Toka kwenye hilo pipa sasa hivi!"

Niwaambie kitu. Ningekuwa peke yangu na Mamba, nisingefika mbali. Ningeshindwa mapema, ningechukua begi langu kama kawaida yangu, huyooo. Aliyenibakiza mle ni Komeo. Kila nikimtazama nilipata moto mpya. Hasira ina joto lake, na mimi siku ile nilijaa.

Miguu nikaacha kuihisi. Halafu mikono. Halafu nikaacha kusikia hata kelele za watu.

Shingo ya Komeo ikalegea. Mtu wa huduma ya kwanza akapuliza filimbi, wakamvuta nje kama gunia.

Nimeshinda!

Nilipotolewa alikuwa amelala kwenye nyasi, anajaribu kusema kitu, ulimi mzito. "Hosi... nenda hospi..."

Pete ya uchumba ilikuwa inanipwaya, maana vidole vilikuwa vimesinyaa. Sikuhitaji hata kuivuta. Niliupunga tu mkono, ikaruka, ikamdondokea kifuani.

Uwanja mzima ukalipuka. Hicho ndicho kipande mlichokipenda kuliko vyote.

Video yenu inaishia hapo. Sasa twendeni ilikoishia siku yangu.

Niliingia wodini na traksuti inayochuruzika, kombe kwapani. Nesi aliniangalia kama aliyeona kichaa.

"Wewe ndiye wa kutoa figo, halafu unakaa kwenye barafu?"

"Nimeshinda, sista! Mwambieni daktari apange upasuaji!"

Alilipokea kombe, akaliweka dirishani.

"Nenda kwake. Anakuulizia tangu asubuhi."

Swala alifungua macho kidogo.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda, mdogo wangu! Nimemzidi Mamba, nimemzidi na yule mshenzi."

"Lo..." Akatabasamu upande mmoja. "Shemeji naye. Kazi moja tu nimempa."

"Kazi gani?"

"Nishike, dada."

Nikaingiza mikono yangu chini ya blanketi. Akashtuka.

"Mikono yako ina baridi."

"Itapata joto. Subiri kidogo tu."

Na yeye, mgonjwa, ambaye hakuwa na joto la kumtosha mwenyewe... akaichukua mikono yangu akaiweka kifuani kwake. Akaifunika kwa mikono yake. Akawa ananisugua vidole taratibu, kama nilivyokuwa nikimfanyia mimi.

"Leo mimi ndiye jiko," akasema.

Sikuhisi kitu. Niliona vidole vyake juu ya vyangu, niliona vinatembea, lakini ilikuwa kama natazama mikono ya watu wengine. Nikawa najiambia, vitazinduka sasa hivi, nitamhisi sasa hivi.

Vidole vyake vikasimama.

Niliendelea kuvisubiri vyangu.

Nesi ndiye aliyenigusa bega. Mimi nilikuwa sijajua. Nilikuwa nimemshika mdogo wangu, naye alikuwa ameshaondoka, na mikono yangu haikuniambia.

Daktari aliniita pembeni.

"Pole sana. Tulimweleza tangu juzi kwamba moyo wake umechoka. Upasuaji usingewezekana tena, hata pesa ingekuwepo. Alituomba awaambie ndugu mwenyewe. Tulipomweleza alikuwa na shemeji yake, yule kijana mrefu."



Baada ya mazishi nilimfuata Komeo kwake. Nilimkuta anafunga mizigo. Chuo kilikuwa kimemsimamisha kazi kwa sababu ya matusi yenu, eti anachafua jina la chuo. Kwa pipa la jimu ya chuo hicho hicho!

Alisimama hapo na shati mkononi, hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema ukijua utavunjika mbele ya watu wote wale. Akasema, 'Shemeji, mshinde. Mshinde haraka. Dada akishindwa haagi mtu, anachukua begi anakuja kwangu. Nataka aje mapema, mikono ikiwa na moto.'"

Nilikaa sakafuni.

"Nilihesabu hutafika mbali," akaendelea. "Wewe na baridi hampatani. Nilidhani ni kazi ndogo."

"Kwa nini hukutoka uliponiona sitoki?"

"Ningetoka, wangekuzuia pale kwa kombe na picha na maneno ya wadhamini. Kila nilipotaka kutoka nilijiambia, atachoka sasa hivi. Ngoja kidogo, atachoka." Akafuta uso kwa lile shati. "Na wewe kwa nini hukutoka?"

"Nilijiambia hivyo hivyo."

Tukatazamana. Makocha wawili wazima. Mmoja alikaa kwenye barafu ili mwenzake atoke, mwingine akakaa kwa sababu yule amekaa, na mtu tuliyempenda wote wawili alikuwa kitandani anausikilizia mlango.

Niliomba msamaha. Akasema amesamehe. Hakunirudishia pete, na sikumwomba.

Aliondoka kesho yake. Simu yake haipatikani. Sijui kama anazikwepa simu zenu au yangu.

Wadhamini walileta ushindi wangu nyumbani, ile hundi kubwa ya kadibodi ya kupigia picha. Haikupita mlangoni. Wakaiegemeza ukutani nje, mvua ikaichukua.

Na jana, kocha mmoja wa chuo fulani kaingia kwenye pipa, kakaa muda mrefu kuliko mimi, katoka anacheka. "Nani ananiweza? Namwita Kocha Rudia!"

Wala hajui Swala ni nani.

Sina neno la kuwafariji. Ninalo hili tu. Ukiona mtu aliyekuwa upande wako siku zote amesimama ghafla upande wa pili, usikimbilie kumshinda. Muulize kwanza. Muulize hata kama umati unapiga kelele, hata kama simu zote zinakutazama. Na mgonjwa wako akikuambia usiende, basi usiende. Kaa. Kuna mambo hayana fainali.

Na Komeo mwacheni. Futeni ile katuni.

Wachezaji wangu wananiuliza nitarudi lini uwanjani. Nimejaribu mara moja. Binti mmoja akakosea pasi, wote wakanitazama wakisubiri lile neno langu. Halikutoka.

Naandika haya kwa kidole kimoja, ndiyo maana nimechelewa kuwajibu. Vingine bado vina ganzi.